Adui Mwenye Sura Yako

Katika hatua ya nne ya Prince of Persia, mchezaji huwa ameshafungua mlango wa kutokea na anaona kazi imekwisha. Anarudi mbio kuufuata, mara anakuta kioo kirefu kimesimama katikati ya njia, mahali alipopita muda mfupi uliopita bila kuona chochote. Pembeni hakupitiki. Kilichobaki ni kurudi nyuma, kukimbia na kukirukia kioo chenyewe kwa mwili mzima. Kijana anakipenya na kutokea upande wa pili, na papo hapo mtu mwingine anachomoka ndani ya kioo akikimbilia kule alikotoka yeye. Ana umbo lake, ana mwendo wake, na sehemu kubwa ya uhai wa kijana imeondoka naye.

Gemu hiyo ilitoka mwaka 1989 kwa kompyuta za Apple II, na aliyeibuni, Jordan Mechner, alikuwa na umri wa miaka 25. Miaka minne kabla ya hapo, huko New York, alimvika mdogo wake David nguo nyeupe akamrekodi kwa video akikimbia, akiruka, akining'inia na kujivuta kupanda ukuta. Kisha akaihamishia mikao ile kwenye kompyuta, picha moja baada ya nyingine. Muziki ulitungwa na baba yao. Ndiyo maana mpaka leo yule kijana wa Uajemi ana uzito ambao wahusika wengi wa zama zile hawakuwa nao: anayumba anaposimama ghafla, anatupa miguu anaporuka, na akianguka unaona kabisa kwamba ameumia. Ule ni mwili wa mtu halisi.

Picha hizo zilikula karibu kumbukumbu yote ya kompyuta. Tomi Pierce, aliyefanya kazi karibu na Mechner, alizidi kumsihi aongeze adui, maana kukimbia na kuruka peke yake havikutosha kumshika mchezaji. Jibu lilikuwa lilelile kila mara: hakuna nafasi ya kuchora mtu wa pili. Ufumbuzi ukapatikana katika hesabu. Ukichukua picha ya kijana, ukaisogeza kwa biti moja tu, kisha ukaichanganya na yenyewe kwa namna ambayo panapolingana panafutika na panapotofautiana panabaki, unapata mtu wa mistari inayometa, asiye na nyama ndani. Mtu wa pili akapatikana bila kuchorwa. Kila hatua anayopiga ni hatua ya David Mechner, iliyochakazwa kidogo tu.

Nimewacheza na kuwachunguza wahusika wengi wa aina hii, pacha waovu wanaomfuata shujaa wa gemu kwa sura na uwezo wake, na bado naamini hakuna aliyempita yule aliyetoka kiooni, Kivuli wa Mechner. Ufukara wa kompyuta ulimlazimisha mtunzi awe mkweli. Hakuwa na chochote cha kumtengenezea adui isipokuwa shujaa mwenyewe.

Baada ya kutoka kiooni Kivuli hapigani nawe. Anakuharibia tu. Katika hatua ya tano unaiona chupa kubwa ya dawa ya kuongeza uhai, unaiendea, naye anaingia kabla yako, anaigugumia mbele ya macho yako na kwenda zake. Katika hatua ya sita umebakiza mruko mmoja kulifikia lango. Anasogea, anakanyaga jiwe la kulifunga, nawe unaporomoka shimoni. Hasemi neno. Mchezaji ana dakika 60 tu za kumwokoa binti wa mfalme asilazimishwe kuolewa na waziri Jaffar, kwa hiyo kila hila ya Kivuli inakatwa katika saa hiyo moja, na chuki juu yake inapanda.

Ndipo hatua ya 12 inapowakutanisha, panga mikononi. Unamchoma, unapungukiwa uhai wewe. Unamchoma tena, unapungukiwa tena. Ukishikilia mpaka umuue, unaanguka pamoja naye. Zama zile hapakuwa na video za mtandaoni za kumwonyesha mtu njia, na ilimpasa mchezaji afikirie kitendo ambacho gemu ya mapigano haikufundishi mbele ya adui: kuurudisha upanga alani. Ukifanya hivyo, Kivuli naye anaurudisha wake. Mnaendeana, mnakimbiliana, na mnapokutana mnakuwa mtu mmoja. Mbele yako kuna pengo lisilo na daraja. Ukilikimbilia bila kusita, vigae vinajitokeza chini ya miguu kimoja baada ya kingine mpaka ng'ambo.

Fasihi ilimjua pacha mwovu zamani sana. Edgar Allan Poe alimwandika mwaka 1839 katika hadithi ya William Wilson, Dostoevsky akafuata mwaka 1846, na mwaka 1886 Stevenson akampa daktari Jekyll mwenzake Hyde. Waliokulia Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam enzi ambazo filamu za Kihindi zilijaza kumbi wanamkumbuka Amitabh Bachchan katika Don ya mwaka 1978, jambazi na mtu wa kawaida wenye uso mmoja. Na aliyesoma chuoni amesikia habari za karini, yule jini anayefuatana na kila mwanadamu akimvuta kwenye maovu. Mizizi ya hofu ni hiyohiyo. Hata hivyo, msomaji wa Stevenson na mtazamaji wa Don wamekaa pembeni. Hyde hajaiba kitu cha msomaji.

Kwenye gemu kuna kitu kimeibwa kweli. Uwezo wa shujaa ni jasho la aliyeshika pedi: saa kadhaa za kujifunza wakati wa kuruka, umbali wa upanga, namna ya kukinga. Ujuzi huo umekaa vidoleni mwake, si kwenye hadithi tu. Pacha mwovu anapotokea na mbinu zote za shujaa, mchezaji anakiona kwa mara ya kwanza kile ambacho maadui wengine wamekuwa wakikiona tangu mwanzo wa safari: mtu mwepesi, asiyechoka, anayejua kukinga, anayekuja kuwaua. Hakuna sanaa nyingine niijuayo inayoweza kumgeuza mtu namna hiyo bila kumwambia neno.

Wajapani wa Nintendo waliligusa jambo hili mapema. Zelda II ya mwaka 1987 ilimalizika kwa shujaa wake, Link, kupigana na kivuli chake mwenyewe, na wachezaji wakagundua hila: chuchumaa kwenye pembe ya kushoto ya chumba, chomachoma upanga, naye anakuja kujiua. Ni mwisho dhaifu kwa wazo zuri. Miaka 11 baadaye, katika Ocarina of Time, walilirudia, na safari hii walilifanya kama linavyostahili.

Link anaingia katika Hekalu la Maji, mahali ambapo wachezaji wengi walipachukia kwa mafumbo yake ya kupandisha na kushusha kina. Anafungua mlango na kujikuta kwenye uwanda usio na kuta, maji ya kufika nyayo, ukungu pande zote, na mti mmoja mkavu juu ya kisiwa kidogo. Taswira yake inaonekana majini akitembea. Anavuka mpaka mlango wa mbali, anaukuta umefungwa. Mtazamaji makini atagundua kwamba alipokwisha kukipita kisiwa taswira yake haikumfuata tena. Anageuka, na chini ya mti amesimama mtu mweusi kama wino.

Huyo Link mweusi hana wasifu. Gemu haielezi alitoka wapi wala anataka nini, na akishashindwa hatajwi tena. Nguvu yake yote imo kwenye upanga. Ukipiga kwa kulia, anakinga kwa kulia. Ukimchoma kifuani, anaruka na kusimama juu ya bapa la upanga wako, kana kwamba alijua kabla yako. Mwanzoni anapenyeka kwa macho, kisha kadiri pambano linavyoendelea anazidi kuwa mzito na mweusi. Wachezaji waliokwama walipata nafuu kwa kuacha upanga na kuchukua nyundo kubwa, au kumwachia moto wa uchawi, yaani vitu ambavyo yeye hana. Hapo pana fikra nzuri kuliko hotuba yoyote ambayo wangemwandikia. Yule mtu amejengwa kwa mazoea yako, na unamshinda siku unapofanya usilozoea.

Wapo wanaodai kwamba mhusika asiye na hadithi hawezi kupendwa. Chumba kile kinawakatalia. Kimebaki vichwani mwa watu kwa zaidi ya robo karne, wakati maadui wengi wa gemu hiyohiyo, wenye majina marefu na sauti za kutisha, wamesahaulika.

Lakini wa kutisha kuliko wote, kwangu, ni SA-X wa Metroid Fusion, gemu ya mwaka 2002 ya mashine ndogo ya Game Boy Advance. Samus Aran, mwindaji wa anga za mbali, anaambukizwa na vimelea viitwavyo X. Madaktari wanalazimika kuikata na kuiondoa sehemu kubwa ya vazi lake la kivita lililogandana na mwili, na wanamwokoa kwa chanjo iliyotengenezwa kutokana na seli za viumbe aliowaangamiza mwenyewe, Metroid. Vipande vya vazi lililoambukizwa vinapelekwa kwenye kituo cha utafiti angani. Huko vimelea vinajikusanya, vinavaa umbo lake, na kuanza kutembea.

Angalia jinsi mizani ilivyogeuzwa. Mchezaji wa Metroid amezoea kuanza dhaifu na kumaliza akiwa tishio: mabomu, makombora, mionzi, mruko wa kuzunguka unaokata kila kinachoguswa. SA-X anavyo vyote hivyo tangu mwanzo. Wewe umeachwa na bunduki ndogo na mwili unaoumia kwa baridi, kwa sababu ya zile seli za Metroid, naye silaha yake kuu ni mwonzi wa barafu. Kwa hiyo humpigi. Unajificha. Muziki unakatika, unasikia hatua za chuma zinapita chumba cha jirani, nawe umejibana usionekane, ukimwombea aendelee na safari yake. Akikuona anakufuata akifyatua, na kwa muda mrefu wa gemu huna la kufanya ila kukimbia.

Mtu aliyezicheza gemu za Metroid zilizotangulia anaelewa kitu ambacho mgeni hataelewa: silaha zile anazozikimbia alizitafuta yeye, moja moja, katika miaka iliyopita. Zilikuwa fahari yake. Na mwisho wa hadithi, baada ya kupigwa na kushindwa, SA-X anarudi mara ya mwisho wakati Samus anakaribia kuuawa na Omega Metroid. Anapigana na mnyama yule, anavunjika, na Samus anaichukua mwilini mwake nguvu iliyobaki, pamoja na ule mwonzi wa barafu uliokuwa ukimuua. Ndio unaompa ushindi.

Si sadfa kwamba Kivuli na SA-X wanaishia kwenye jambo moja. Watunzi wawili, nchi mbili, miaka 13 kati yao, na wote waliona kwamba pambano la mtu na nafsi yake haliwezi kwisha kwa maiti moja kulala chini na nyingine kusimama.

Kuna njia ya mkato pia, na biashara imeipita mara nyingi. Katika Mortal Kombat ya mwaka 1992, iliyotengenezwa Chicago, mwigizaji mmoja, Daniel Pesina, alivaa nguo moja ya ninja, na kompyuta ikaibadilisha rangi: manjano akawa Scorpion, buluu akawa Sub-Zero, kijani akawa Reptile aliyefichwa. Ilikuwa akili ya kubana matumizi, nayo ilizaa wahusika waliopendwa mpaka leo, kwa kuwa waandishi walirudi baadaye kuwapa visasi, ukoo na makaburi. Rangi peke yake haitoshi. Siku hizi gemu nyingi humuuzia mchezaji vazi jeusi la shujaa kwa fedha taslimu, macho mekundu na moshi mabegani, na hakuna kinachobadilika katika mwendo, gharama wala hatari. Vazi la namna hiyo sioni sababu ya kulipenda.

Wario ni habari nyingine kabisa, maana yeye anachekesha. Alitokea mwaka 1992 katika Super Mario Land 2, akiwa ameiteka ngome ya Mario wakati mwenyewe yuko safarini. Herufi ya kofia ya Mario imepinduliwa, masharubu yamekunjwa kama radi, tumbo limezidi, na nia yake ni moja: mali. Miaka miwili baadaye alipewa gemu yake mwenyewe, na hapo watengenezaji wakafanya jambo la busara. Hawakumtubisha. Wario anasukuma watu kwa bega pale ambapo Mario angeruka, na mwisho wa gemu unapimwa kwa fedha ulizokusanya: ukiwa nazo chache unapata kibanda cha ndege, ukiwa nazo nyingi unapata makao ya fahari. Kwa miaka mingi, mpaka alipoiacha kazi hiyo mwaka 2023, Charles Martinet ndiye aliyemsemea Mario na ndiye aliyemsemea Wario. Koo moja lilitoa wema na ulafi. Anayempenda Wario anapumzika kidogo na Mario, ambaye kwa miaka zaidi ya 40 hajawahi kuruhusiwa kuwa na tamaa hata moja mbaya.

Swali gumu zaidi ni kwa nini tunataka kuwa wao. Capcom walikutana nalo kupitia Akuma. Mwaka 1994, katika Super Street Fighter II Turbo, walimficha: mchezaji aliyetimiza masharti fulani alifika kwa bosi wa mwisho, na kabla pambano halijaanza, mtu mwenye nywele nyekundu alitokea, akammaliza yule bosi kwa pigo moja la kufumba na kufumbua, kisha akamgeukia mchezaji. Akuma alisomea sanaa ileile ya mapigano inayotumiwa na Ryu, shujaa wa gemu hizo, na mwalimu wa Ryu, Gouken, ni ndugu yake. Ngumi ni zilezile, mpira wa nguvu ni uleule. Tofauti ni kwamba Akuma ameikubali nia ya kuua ambayo sanaa hiyo inaiamsha kwa anayeizamia, na Ryu anaikataa kila siku. Miaka miwili baadaye, katika mfululizo wa Alpha, akatokea Ryu aliyeikubali, ngozi imesawijika na macho yanawaka. Huyo si mgeni. Ni Ryu aliyeshika njia ya pili kwenye njia panda.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wanaoogopa gemu hawalioni, nami nawaelewa, kwa kuwa picha ya pembe na macho mekundu ndiyo inayoonekana kutoka mlangoni. Katika Street Fighter IV ya mwaka 2008, Ryu ana uhai wa pointi 1,000. Akuma ana 850. Anapiga vikali, anarusha mipira ya nguvu hata akiwa hewani, anajua kuteleza na kutoweka, lakini mwili wake ni mwepesi kuvunjika. Makosa machache yanamtosha. Wabunifu wameandika ndani ya namba kile ambacho mhubiri angekisema kwa saa nzima, na kijana anayemchagua anakisoma kwa kupigwa.

Vibanda vya gemu vya kwetu vimelea watoto wengi juu ya Tekken. Tekken 3 ilidumu kwenye mashine za vibanda hivyo miaka na miaka baada ya dunia kuhamia kwingine, na kila mtaa ulikuwa na bingwa wa Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira, anayebonyeza vitufe viwili vya teke bila kupumua. Humo ndimo wengi walimjua Jin Kazama, kijana aliyezaliwa na damu ya shetani kutoka kwa baba yake, Kazuya. Tangu Tekken 5, iliyotoka kwenye kumbi za Japani mwaka 2004, shetani wa Jin amekuwa mhusika anayejitegemea, mwenye mabawa meusi, pembe na mwali unaotoka kipajini. Muulize kijana wa kibandani kwa nini anamchagua huyo na si Jin wa kawaida. Atakwambia anaruka, ana mwali, anapiga kwa mbali. Hatakwambia anapenda uovu, na nadhani anasema kweli. Anataka kujua mwili usiojizuia unakwendaje, akiwa amekaa kwenye benchi, kwa muda wa raundi tatu, mbele ya wenzake.

Pia kuna wanaomwendea pacha mwovu wakitafuta kitu cha ndani zaidi, na watunzi wa miaka ya karibuni wameacha kuwafichia. Persona 4, gemu ya Kijapani ya mwaka 2008, iliegemea fikra za Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliyeuita kivuli ule upande wa nafsi ambao mtu hataki kuutambua. Kijana mmoja baada ya mwingine wa mji mdogo wa Inaba anakutana na mwenye uso wake na macho ya manjano, akitangaza hadharani alichokificha: mmoja anaona raha kwamba rafiki yake mrembo anamtegemea, mwingine anataka kuitoroka nyumba ya wageni ya ukoo anayotarajiwa kuirithi. Akimkana tu, yule kivuli anavimba na kuwa dubwana.

Celeste, ya mwaka 2018, ilikwenda mbali kuliko hapo, nayo ni gemu ya kuruka tu. Madeline anapanda mlima akiwa na hofu zinazombana kifua. Katika sura ya pili anakutana na kioo cha kale, kioo kinapasuka, na kutoka humo anatoka yeye mwenye nywele za zambarau na macho mekundu. Wachezaji wanamwita Badeline. Anamfukuza, na namna anavyomfukuza ndiyo inayonifanya niiheshimu gemu hii: anarudia kila hatua uliyopiga, palepale ulipopita, sekunde chache nyuma yako. Ukisita, umekwisha. Ukirudi nyuma kurekebisha kosa, unajigonga mwenyewe. Mtu aliyewahi kukosa usingizi akiyarudia kichwani maneno aliyoyasema mchana anaijua mbio hiyo.

Badeline anasema, tena anasema yanayouma: huwezi, rudi nyumbani, wewe si mtu wa kupanda milima. Kwa muda mrefu Madeline anamtendea kama mzigo wa kutupwa, na siku anapomwambia waziwazi kwamba hamhitaji tena, Badeline anamburuta mpaka chini kabisa ya mlima. Bibi kizee mmoja anayeishi huko mlimani ndiye anayetoa shauri ambalo gemu nyingi hazina: kaa naye, muulize anaogopa nini. Pambano linalofuata ni gumu, mchezaji anakufa mara nyingi, lakini lengo lake ni kumfikia, kumgusa, si kumuua. Anapofikiwa anakiri kwamba alikuwa akiogopa. Wanaungana, na mara Madeline anaweza kujirusha mara mbili hewani pale alipoweza mara moja. Njia yote ya kwenda kileleni ilijengwa kwa mruko huo wa pili. Hadithi na vidole vinasema jambo moja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo gemu inapostahili kuitwa sanaa bila kuombewa.

Nimewasikia wachezaji wakilalamika kwamba mtindo huu unawalainisha wabaya, kwamba kila pacha mwovu siku hizi anaishia kukumbatiwa. Wana hoja. Adui anayekumbatiwa kila mara anaacha kutisha, na Link mweusi asingekuwa na nguvu ile kama angekaa chini ya mti wake kueleza utoto wake. Hata Tekken imeingia huko: katika Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, Jin anapambana na shetani wake ndani ya nafsi yake na mwishowe anamkubali. Kwa mhusika aliyekuwa akimkimbia tangu miaka ya tisini, mimi naona alistahili.

Lakini si hadithi ya Jin inayonivutia zaidi katika gemu hiyo. Tekken 8 ina sehemu ambayo mashine inakuangalia unavyocheza, inajifunza, kisha inakutengenezea mzimu wako. Unaweza kupigana naye. Wachezaji wengine nao wanaweza kumpakua wakapigana naye wewe ukiwa umelala. Mapacha wote niliowataja walitungwa na mtu aliyekisia mchezaji angeogopa nini. Huyu hajatungwa na yeyote. Anasogea nyuma unaposogea wewe, anashambulia ukishikwa na pupa, anasahau kukinga chini pale unaposahau, na ana lile pigo moja unaloliamini ukibanwa.

Kijana aliyewashinda mtaa mzima kwa teke lilelile la chini atalipokea safari hii kwenye miguu yake mwenyewe, kwa wakati uleule anaoupenda, tena na tena, mpaka ajifunze kulizuia. Akishalizuia, atajua kwamba na wenzake wanaweza, na itabidi atafute pigo lingine. Mzimu utakuwa unaangalia.